Fremu ya Nyanzobe

Alikuja karakana kwangu, Ng'ambo, saa ya vumbi,
akataka fremu: futi sita kwa mbili na nusu.
Nikacheka. Dada, kipimo hicho nakijua,
hakitaki kioo, kinataka kifuniko.
Hakucheka. Akaweka pesa juu ya randa:
"Mninga. Na usipige vanishi."

Mihambo akaacha msasa, akamsindikiza kwa macho.
Ndiye yule anayechora giza, akaniambia.
Zamani aliandika vibao vya saluni,
wanawake wa nywele za mawimbi, midomo ya waridi.
Siku hizi hata waganga wanavuka barabara wakimwona.

Fremu nikaipeleka mwenyewe, kwa mkokoteni,
hadi bohari kuukuu la tumbaku nyuma ya stesheni.
Rangi za dukani hamna mle.
Kuna masizi ya kukwangua matakoni mwa masufuria,
nta ya nyuki ikiyeyuka katika kopo la maziwa,
utomvu wa tumbaku aliobandua kutani,
na chupa moja ya dawa nyekundu, ile ya vidonda.
"Nyeusi ziko nyingi, fundi," akasema, akikoroga.
"Kuna nyeusi ya moshi. Kuna nyeusi ya kisima.
Kuna nyeusi ya mtu aliyefumba macho kwa kusudi.
Hiyo bado inanishinda."

Jumamosi akazitundika ukumbini.
Popo wenye vidole vya watoto.
Nyumba yenye meno mahali pa madirisha.
Bibi harusi aliyevikwa masega,
nyuki wakitoka kinywani mwake kama wanaokwenda kazini.
Watu wakafurika, maana kiingilio ni bure,
na maana hofu, ikiwa ukutani, inanoga.
Mwalimu mstaafu akalaani: ushetani wa kuletewa huu!
Kijana akajipiga picha na fuvu.
Mtoto akauliza kama linauma.

Na kule mwisho, ndani ya mninga wangu,
kizee kasimama.
Macho mekundu, makaa yanayopulizwa.

"Mchawi," mtu akanong'ona,
na neno likapita mkono kwa mkono
kama sahani ya karanga msibani.

Nyanzobe alikuwa kando, mikono nyuma.
"Ni bibi yangu, Nyamizi," akasema.
"Miaka sitini kapika kwa kuni mbichi
jikoni kusiko na dirisha.
Ule ni moshi.
Na neno mlilolisema sasa hivi
ndilo walilolisema usiku ule, mlangoni."

Ukumbi ukakohoa. Wengine wakakumbuka wana safari.
Mimi nikasogea. Nilitaka kukagua pembe tu,
mninga ukikauka vibaya hufunguka.
Karibu vile, giza halikuwa tupu.
Nta ilipanda, ilishuka, ikawa mabega,
ikawa kofia, visogo, masikio ya watu
waliotupa mgongo, wakitazama tunakotazama,
wamesimama pale pale tuliposimama.
Na chini kabisa, mkononi mwa mmoja asiye na uso,
panga.
Na kwenye mpini wa panga, vijisengeo vitatu.

Vijisengeo vitatu ni mimi.
Kila mpini ninaouuza sokoni nautia patasi mara tatu,
watu wajue ni kazi ya nani.
Panga ni la shamba, panga ni la kuni.
Fundi gani humuuliza mteja anakwenda wapi?

"Imependeza?" Mihambo akaniuliza jioni.
Nikamwambia fremu imekaa sawa, pembe zote nne.
Akaenda zake. Umeme ukakatika Tabora nzima.
Kibatari sikuwasha.
Nilikaa katikati ya takataka za randa
na mpini wa kesho mapajani,
dole gumba likipita: kimoja, cha pili, cha tatu,
kimoja, cha pili.
Sikufumba macho.
Haikusaidia.